Ukuta wa Jiko, Mara ya Pili

Habiba mwanangu,

Umekwenda Minjila na nyanya yako kuwaaga jamaa, na mimi nimebaki jikoni na ukuta. Hakuna la kupika. Tangu asubuhi watu wanaleta vyakula vya kukuaga mpaka masinia yamekosa pa kukaa. Nimekalia kigoda chako, karatasi nimeiweka juu ya ubao wa kukatia mboga, na kila nikiinua uso naviona vigae vyetu vyeupe vyenye maua ya buluu, nakuona na wewe umesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, mwiko mkononi, simiti imekukaukia kwenye nyusi.

Kesho baada ya swala ya alfajiri utapanda basi pale njia panda ya Minjila. Litapita Hola, litafika Madogo, na hapo baba yako atawaachia wenzake ng'ombe apande akufikishe hadi Nakuru, kwenye lango la chuo cha uuguzi. Mimi nitarudi kazini. Ndivyo tulivyopanga, na mpango ni mzuri, na tangu tuupange usingizi wangu umekuwa wa kuibia.

Habari za soksi, za kuchemsha maji, za kutompa mtu simu yako aishike, nimekwisha kukupa kwa mdomo mpaka ukaniuliza kama na kupumua nitakufundisha upya. Hapa sizirudii. Nataka kukuandikia habari za ukuta huu, kwa sababu uliniuliza swali mbele yake na sikukujibu. Uliniuliza, "Nikirudi likizo, nitawakuta hapa?" Nami nikasema simiti inakauka, tufanye haraka.

Unanijua mimi ni mwoga. Si siri, nyanya yako husema nilizaliwa uso ukitazama mlango. Kazini naandika kwanza kwa penseli, nasoma, nasoma tena, ndipo napitisha wino, na makarani wenzangu hunitania kwamba siku ya kiama nitaomba karatasi ya kujaribia. Mkubwa akiniita kwa jina langu kamili nakwenda nikihesabu makosa yangu, hata kama anataka kuazima kalamu tu. Mvua ikinyesha huko juu milimani, mbali kabisa na sisi, mimi huku Garsen nalala viatu vikiwa karibu. Na lile begi la kijani chini ya kitanda, lenye vyeti vyetu ndani ya nailoni, tochi, kanga na sukari, umekua ukiliona. Ulipokuwa mdogo ulidhani kila nyumba ina begi lake chini ya kitanda kama inavyokuwa na mlango.

Nimekulia katika nyumba zinazobebwa. Kwetu Waorma nyumba ni kazi ya mwanamke. Yeye ndiye anayekata fito na kuzikunja, ndiye anayesuka mikeka na kuifunika juu, na siku ya kuhama ndiye anayeifungua. Nimemwona nyanya yako akiifungua nyumba nzima kabla chai haijapoa, fito upande huu, mikeka upande ule, punda tayari amepakiwa. Akigeuka kutazama nyuma hakuna alichoacha ila mashimo ya fito na mawe ya meko. Alikuwa na fahari nalo jambo hilo. "Sijaacha hata kijiti," alikuwa akisema, akipangusa mikono kwenye nguo. Nami mtoto nikakua nikijua kwamba kitu kizuri ni kile unachoweza kuondoka nacho.

Nilikupata nikiwa mdogo kuliko ulivyo wewe leo. Niliolewa kabla ya kumaliza shule, nikakuzaa, kisha nyanya yako akasimama mbele ya wakubwa wote wa ukoo akasema, "Mtoto nipeni mimi. Huyu msichana arudi darasani." Wakanung'unika, yeye akawa amekwisha kukufunga mgongoni. Ndiyo sababu leo nina kalamu mkononi. Lakini nilipokuja likizo ulijificha nyuma ya nguo yake, ukinichungulia kwa jicho moja. Yeye ulimwita mama. Mimi uliniita kwa jina langu kama walivyoniita wenzangu.

"Mchukue basi, ni wako," nyanya yako aliniambia.

Nikakuchukua kidogo, nikakurudisha. Nilijiambia kwamba shule inakaribia kufunguliwa, nitaondoka, utalia. Afadhali usinizoee sana, nami nisikuzoee sana. Nikawa nakushika hivyo, kwa ncha za vidole. Nilidhani nakuonea huruma wewe. Ilikuwa huruma ya kujionea mwenyewe.

Sasa ukuta.

Ulipomaliza kidato cha nne ukakaa nyumbani kungoja majibu, ndipo ulipoanza kulitazama jiko. Mimi nilikuwa nimeshaacha kulitazama. Tangu maji ya mto yaingie ndani na kukaa, plasta ya chini ilivimba, rangi ikawa inatoka vipande vipande, na juu palikuwa na moshi na mafuta ya miaka. Ulipitisha kidole ukaniambia, "Mama, ukuta huu una upele." Kisha ukasema tuubandike vigae, kama jiko la rafiki yako kule Hola, upanguse kwa kitambaa mara moja na mambo yamekwisha. Nikakuambia nitafikiria. Ukacheka, kwa sababu unajua mimi nikifikiria, mvua za vuli hunikuta bado nafikiria.

Lakini safari hii uliniandama mpaka vigae vikaja kutoka Malindi juu ya pikapu, vikiwa vimefunikwa na godoro la mtu. Baba yako akapiga simu kutoka Madogo. "Nitafute fundi huku nimlete?" Nyanya yako alikuwa amekaa karibu, akaninyang'anya simu.

"Tangu lini mwanamume akajenga jiko la mwanamke?" akamwambia. "Wewe tafutia ng'ombe wako nyasi."

Tukasikia baba yako akicheka huko, kisha akakata.

Basi ikawa kazi ya wanawake, kama nyumba zote alizozijua. Nyanya yako alikuja amefunga kamba kiunoni kama anayekwenda kukunja fito. Jirani yetu Mama Buya, ambaye ni Mpokomo mzaliwa wa Kinakomba na mdomo wake haujawahi kupumzika, alikuja na mwiko wake mwenyewe, ule aliokandikia nyumba yake. Wewe ulikwisha kuloweka vigae ndani ya karai na kuvuta uzi ukutani kutoka msumari hadi msumari, ili tusipinde. Nyanya yako akaketi mlangoni, akachukua kigae kimoja, akakigeuza, akakinusa.

"Hivi vinafungwa kwa nini?"

"Kwa simiti, Nyanya," ukasema.

"Kamba hakuna?"

"Hakuna."

"Na mkihama, mtavibandua vipi?"

Mama Buya alicheka mpaka akashika ukuta. "Wee mama! Nyinyi Waorma mtu akipaka nyumba rangi mnaona ameifunga minyororo!"

"Nanyi Wapokomo," nyanya yako akamjibu, "mnapanda ndizi mdomoni mwa mto, mto ukifunga mdomo mnashangaa."

"Lakini ndizi zangu unakula."

"Nakula haraka, kabla mto haujala."

Tulicheka wote. Hata mimi nilicheka. Lakini lile swali liliniingia, likakaa. Nilikuwa nimeshika kigae cha kwanza na mwiko umejaa simiti, na mkono ukapunguza wenyewe. Badala ya kupaka mgongo wote wa kigae, nikaweka donge moja katikati, la ukubwa wa kitumbua, nikakibandika, kikakaa. Nikaweka cha pili hivyo hivyo. Kwa mbele vilikuwa vizuri, vimenyooka na uzi, hakuna aliyeweza kujua. Nilikuwa nimepiga hesabu yangu kichwani: siku ya kuondoka nitapitisha kisu nyuma, kila kimoja kitaachia kizima, navipanga ndani ya boksi, naondoka navyo. Sitaacha hata kijiti.

Nadhani hakuna fundi duniani aliyewahi kubandika kigae huku akifikiria namna ya kukibandua. Inataka mtu wa kwetu, tena mwoga, tena aliyesoma kidogo.

Katikati ya kazi ofisi ikanipigia, nikatoka nje kuongea. Niliporudi ulikuwa umebandika vichache kando ya dirisha. Umepaka simiti hadi pembeni, imefurika, imekuchafua hadi kwenye viwiko. Na kimoja umekibandika juu chini, maua yake yanatazama sakafu.

"Habiba, kile kimepinduka."

"Kimeshashika, Mama. Acha, kinatazama sufuria."

Nilitaka kukitoa. Mama Buya akanizuia mkono akasema nikikigusa vitaanguka vyote. Nikaacha, lakini kila nilipopita nilikiona hicho tu.

Unakumbuka kilichofuata. Jiko lilikaa zuri, watu wakaja kulitazama, nyanya yako akawaonyesha kama amelijenga peke yake. Kisha joto na mvuke vikaanza kazi. Siku ile tunapika wali, kigae cha juu kikaachia ghafla, kikapiga ukingo wa sufuria, kikavunjika miguuni pa nyanya yako. Nyanya yako akakitazama, akasema bila kucheka:

"Hicho kimeshahama."

Kikafuata kingine asubuhi, kingine jioni. Kila kikianguka nyanya yako alikitakia safari njema. Wewe ukaanza kupita ukutani ukigonga kwa kifundo cha kidole, sikio karibu, kama daktari. "Hiki kinalia debe. Hiki debe. Hiki debe." Ulipofika kando ya dirisha ukagonga, mlio ukawa mwingine, mzito, wa kitu kilichojaa. Ukagonga tena kile kilichopinduka, ukaniangalia. Ukaokota kigae kilichoanguka kizima, ukakigeuza, ukaliona donge langu katikati, kavu, dogo, na pembe zote tupu.

"Mama, simiti ilikuwa nyingi. Kwa nini uliweka hivi?"

Ningeweza kusema sikujua. Nikakuambia ukweli, kwa sababu nilikuwa nimechoka. "Ili visivunjike tukihama."

Ulilikwangua lile donge kwa ukucha. "Kwani tunahama?" ukauliza.

Niliijua sauti hiyo. Ni ile uliyonisimulia nayo siku ya meko.

Sikuwepo siku ile. Nilikuwa chuoni Mombasa kwa mafunzo ya kazi, baba yako yuko na mifugo, wewe ulikuwa bweni kule Hola. Mto ulijaa, nyanya yako na wanawake wenzake wakafungua nyumba wakapeleka kila kitu kwenye ardhi iliyoinuka. Ujumbe ulitumwa shuleni na haukufika. Shule ikafungwa, ukashuka na sanduku lako kichwani, ukatembea hadi nyumbani, na nyumbani hapakuwapo. Palikuwa na duara la mashimo yaliyojaa maji na mawe ya meko. Ukaketi juu ya jiwe la meko, ukangoja. Mama mmoja aliyekuwa akitoka kuuza maziwa ndiye aliyekuona, akakuchukua hadi kwa nyanya. Hukulia, waliniambia. Nilipokuja, hukunilaumu pia. Ulinisimulia kama mtu anayesimulia hali ya barabara. Ila tangu hapo, kila unapotoka nyumbani, hata kwenda dukani, huwa unageuka mara moja kutazama kama nyumba bado ipo. Unadhani sioni. Naona, na sijawahi kusema kitu.

Leo asubuhi, ulipokuwa ukioga, nyanya yako alinieleza jambo ambalo sikulijua, na nadhani nawe hulijui. Tulikuwa tunapembua mchele. Akasema, "Siku ile sikumwacha yule mtoto. Nilijua atafuata nyayo za punda, nilimfundisha mwenyewe." Akapembua, akapembua. "Nikasahau kwamba maji hufuta. Nilirudi kumtafuta, nikamkuta huyo mama wa maziwa njiani anamleta, amemshika mkono. Nikajifanya natafuta kuni." Kisha akasema mchele una mawe mengi siku hizi.

Basi ulipouliza kama tunahama, sikujua pa kuanzia, kwa sababu kulikuwa na jambo. Wiki ile ile mkubwa wangu alikuwa ameniita. "Karani, Hola wanataka mtu. Kule pamepanda, mto hautakufikia. Unakwenda au unabaki?" Mimi mwenyewe ndiye niliyeomba uhamisho zamani, baada ya maji kuingia ndani. Nikamjibu jibu langu: "Nitafikiria, mzee." Nikatoka na furaha ya mtu aliyeachiwa mlango wazi. Usiku nikakuambia wewe na nyanya, kwa sauti ya kawaida, kama habari ya bei ya unga. Nyanya yako akasema punda yupo. Wewe ukaenda kulala. Asubuhi nikakukuta jikoni umeshika nyundo na patasi, unabandua vyote.

"Tunaanza tena," ukasema.

Nilidhani umekasirika. Labda ulikuwa umekasirika. Lakini uliviloweka upya, ukakwangua madonge yangu moja moja, ukaukwaruza ukuta kwa msumari ili simiti ipate pa kushika. Vile vyako vya kando ya dirisha vilikataa kutoka. Patasi ilikuwa inavivunja. Ukaviacha, na kile kilichopinduka nacho kikabaki, tukavuta uzi kuanzia hapo. Mama Buya akaja akasimama mlangoni. "Mnajenga au mnabomoa? Niambieni nijue nilete mwiko au pole." Nyanya yako akamwambia alete vyote viwili.

Safari hii ulinisimamia. Nilipopaka kidogo ulinirudisha. "Hadi pembeni, Mama." Mkono wangu ulikuwa mzito. Nikwambie ukweli, ilikuwa inaniogopesha, ile simiti ikifurika nyuma ya kigae, kujua kwamba hiki sasa hakitoki kizima tena. Ama kikae, ama kivunjike. Nilibandika, nikakigonga kwa mpini wa mwiko, nikapangusa, nikachukua kingine. Katikati ya ukuta nikagundua kwamba nalia, na wewe ulikuwa umegundua mapema zaidi ukawa unanipitishia vigae bila kunitazama.

Hapo ndipo ulipouliza. Mgongo wako ulikuwa kwangu, unajaza simiti nyeupe kwenye nafasi kwa kidole. "Nikirudi likizo, nitawakuta hapa?"

Nami nikasema inakauka, tufanye haraka.

Nyanya yako alisikia. Jioni ile ulimtania, "Nyanya, sasa na tukihama je?" Akajibu, "Mimi nitahama. Ukuta ukitaka kubaki, ubaki, hauli kitu." Wote mkacheka, na mimi nikaenda nje kuanua nguo ambazo hazikuwa zimekauka.

Nimechelewa kukujibu, Habiba. Nikitazama nyuma naona mambo yangu mengi yamekuwa donge katikati. Nimekaa Garsen miaka yote hii bila kupanda hata mchicha uani. Mama Buya amekuwa akinifunulia mlango wake, nami namfunulia wangu nusu, nikijiambia huenda nikahamishwa. Kazi nimeifanya vizuri lakini kama mgeni, meza yangu haina hata kikombe changu. Na wewe, niliyekupata tena ukiwa mkubwa, ulipokuja kukaa nami hapa, nilikupenda kwa tahadhari. Nilifanya hivyo ili siku ya kuachana isiniumize. Sasa siku yenyewe ni kesho, na inaniuma kama kwamba sikuweka akiba yoyote. Kumbe tahadhari yote ile haikunisaidia hata kidogo, ila imeninyima zile siku.

Huko Nakuru kuna baridi na watu hawakujui. Utapewa kitanda na wenzako wa chumba, baadaye wagonjwa. Sikwambii usiogope, sijui mtu anafanyaje asiogope, ningejua ningekuwa wa kwanza. Nakuambia tu upake hadi pembeni, kama ulivyonifundisha. Ukimpenda rafiki, mzoee. Chumba wakikwambia ni chako, gonga msumari, tundika nguo. Vikivunjika ulie, ulie vizuri, kisha unipigie. Utaniambia mimi sina haki ya kusema haya, na ni kweli. Lakini nimeyaona kwa macho: vilivyobaki ukutani ni vile vyako.

Jibu langu ni hili. Leo asubuhi, kabla ya kurudi nyumbani kukufungia mizigo, niliingia kwa mkubwa. Hakuniita, nilikwenda mwenyewe. Nikaushika mgongo wa kiti. Nikamwambia, "Mzee, siendi Hola. Nabaki." Akaniangalia juu ya miwani. "Hukufikiria sana safari hii," akasema. Nikamwambia nimefikiria tangu utotoni. Akacheka, akarudi kwenye kazi yake. Nilipotoka nilipita dukani nikanunua kikombe, nikakiweka mezani kwangu. Kina picha ya jogoo. Ni kibaya sana.

Mto siwezi kuuahidi. Ukija tena utaingia, utapita hadi kwenye maua ya safu ya pili au zaidi, na tutaondoka kama watu wote, na nyanya yako atakuwa wa mbele na punda wake akitufokea kwa uvivu. Lakini tutarudi kuosha ukuta. Na ukishuka basi siku yoyote, maji yawepo au yasiwepo, hutakuta mashimo. Utanikuta mimi nimesimama pale njia panda ya Minjila, na kama si mimi ni nyanya yako akijifanya anatafuta kuni. Hilo naliandika kwa wino. Penseli sikuishika hata kidogo katika barua hii. Utaona nilivyokosea na kufuta.

Begi la kijani nimelitoa chini ya kitanda. Nimelikung'uta, nimelipangusa, nguo zako zimo ndani, kwa sababu sanduku lako lile kufuli yake haifungi. Vyeti nimeviweka kwenye rafu ya juu hapa jikoni, karibu na chumvi. Nilipoinama jana usiku kwa mazoea kuligusa begi nikakuta sakafu tupu. Nitazoea.

Nasikia sauti ya nyanya yako nje, anamgombeza mtu wa pikipiki kwa mwendo, na wewe unamwombea msamaha. Sasa hivi mtaingia, na nitakuwa nimesimama nageuza mboga ambayo haipo. Barua hii nitaitia katikati ya nguo zako, uisome ukifika, si njiani. Njiani mtazame baba yako, naye hajui kusema.

Jambo moja la mwisho. Jana ulipokuwa umelala nilichukua kisu nikajaribu kukitoa kile kigae chako cha kando ya dirisha. Si kwa ubaya. Maua yaliyopinduka yananikera, nawe unanijua, nilitaka uondoke kila kitu kikiwa kimenyooka. Nilipitisha kisu juu, nikapitisha chini, nikasukuma kwa kiganja, nikagonga pembeni kwa mpini.

Kimekataa.

Njoo ukikute.

Mama yako